Kukagua Mchoro kwa Mwanga Kabla ya Kuugusa: Mwongozo Kamili

Picha za michoro mnazopiga kwa ultravaioleti, mwanga usioonekana kwa macho, na kunitumia nizisome, zinaharibika kwa namna ileile. Mchoro mzima umegeuka zambarau, kingo za maumbo zimefifia, na chini yake kuna swali: "Hilo doa jeusi ni kiraka cha rangi mpya?" Kwa picha ya namna hiyo hakuna awezaye kujibu. Zambarau mnayoiona haitoki kwenye mchoro. Ni mwanga wa tochi uliogonga rangi ukarudi moja kwa moja kwenye lenzi.

Kosa la pili halionekani kwenye picha, lakini ndilo linaloua michoro. Watu wanakimbilia ultravaioleti kwa sababu inapendeza, wanaruka mwanga wa kuparaza, yaani tochi inayomulika uso wa mchoro kutoka pembeni kabisa. Huo wa kuparaza ndio ungewaambia mapema kwamba rangi imeinuka na hata brashi laini haitakiwi kuigusa.

Nitafuata kazi moja mwanzo hadi mwisho: mchoro wa mtindo wa Tingatinga, wa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, wa mraba wa kama sm 60, uliokaa ukutani miaka mingi karibu na bahari. Mwenyewe anataka kujua mambo mawili: unaweza kusafishwa, na je, sahihi ya E. S. Tingatinga iliyo pembeni iliwekwa wakati mchoro ulipochorwa? Swali la pili si la utani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akafariki mwaka 1972, na tangu hapo jina lake limebandikwa kwenye vibao vingi ambavyo hakuvigusa.

Ukiwa na turubai, ubao au hati ya karatasi, hatua ni hizihizi. Panapobadilika nitasema.

## Vitu vya kuandaa

Kamera unayoweza kuipangia mwenyewe umbali, muda, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na rangi ya mwanga, na inayohifadhi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata. Simu yenye hali ya kitaalamu inatosha kwa picha ya kawaida na ya kuparaza, na kwa ultravaioleti inajitahidi. Kwa infraredi, mwanga mwingine usioonekana ulio ng'ambo ya nyekundu, haifai.

Stendi ya kamera isiyotikisika, na rimoti au kipima muda cha kamera.

Taa mbili nyeupe zinazofanana na tochi moja ya LED yenye mwanga mkali na mwembamba.

Tochi ya ultravaioleti ya nm 365 (nanometa, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), iliyofunikwa mbele kwa kioo cheusi cha aina ya ZWB2. Soma namba vizuri. Tochi za kukagulia noti zinazouzwa madukani nyingi ni za nm 395, na hizo humwaga mwanga wa zambarau unaoonekana kwa macho. Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu, nunua tochi hii, usinunue lenzi mpya.

Filta ya manjano hafifu ya kuvaa kwenye lenzi, inayokata mwanga wote ulio chini ya nm 410 hadi 420 hivi. Ile inayojulikana kama 2E ndiyo iliyozoeleka. Filta za "UV" za kulinda lenzi nyingi hukata sehemu tu, kwa hiyo usiziamini bila kuzijaribu.

Miwani ya kukinga ultravaioleti hadi nm 400, glavu, na nguo nyeusi au za rangi iliyokoza zenye mikono mirefu.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile wanayozungusha kwenye maungio ili maji yasivuje. Gharama yake ni ndogo, na ndiyo itakayokuambia kama picha yako ya ultravaioleti ni ya kweli.

Kamera ya pili iliyoondolewa kioo cha kuzuia infraredi, filta ya nm 850, na taa ya halojeni au ya infraredi ya kamera za ulinzi. Kama huna, ruka Hatua ya 6. Kazi bado itakuwa na maana.

Kadi ya rangi, rula, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, pazia jeusi, penseli na karatasi. Penseli, si kalamu ya wino. Karibu na mchoro wino haukaribishwi.

## Hatua ya 1: Tayarisha chumba na mchoro

Tafuta chumba unachoweza kukitia giza kabisa. Usiku ni rahisi kuliko mchana. Ziba mwanga wa chini ya mlango, funika taa ndogo za ruta na chaja, zima feni ili stendi isitikisike na vipande vya rangi visipeperuke.

Simamisha mchoro wima, ukiegemea kitu imara. Ushike kwa kingo, mikono yote miwili. Kabla ya kuunyanyua, angalia kama kuna vipande vinavyoning'inia. Ukiviona, ulaze uso juu na upige picha kwa kamera inayotazama chini.

Usiufute kwanza. Vumbi ni sehemu ya ushahidi: kama sahihi imekaa juu ya uchafu wa zamani, ukifuta umepoteza jibu. Tena kitambaa kilichofuliwa kwa sabuni ya unga huacha chembe za viangazaji, kemikali za kufanya nguo zionekane nyeupe zaidi, na hizo zitang'aa bluu kwenye picha yako kama ugonjwa usiokuwepo.

Umefaulu kama: ukizima taa na kukaa dakika mbili, huoni mkono wako.

## Hatua ya 2: Funga kamera, isisogee tena

Hii ndiyo kanuni inayobeba kazi nzima: kamera na mchoro havitembei, mwanga ndio unaobadilika. Doa moja halina maana hadi uliweke juu ya picha ya kawaida na kuona liko kwenye jicho la ndege au kwenye jani. Kamera ikisogea hata nusu sentimita, picha hazitalala sawa na utabaki kubahatisha.

Elekeza lenzi katikati ya mchoro, mgongo wa kamera ukiwa sambamba na uso wake. Pima kutoka lenzi hadi pembe zote nne. Vipimo vikilingana, uko sawa.

Weka tundu la lenzi kwenye f/8 na ISO 100. Pata umakini wa picha (fokasi) chini ya taa nyeupe, kisha zima kabisa kitafuta umakini cha kamera na ubandike tepu ya karatasi kwenye pete ya lenzi. Gizani kamera itahangaika kutafuta umakini na kuupoteza. Weka alama sakafuni kwenye miguu ya stendi.

Kadi ya rangi, rula na kipande cha tepu ya mafundi bomba kilichokunjwa mara kadhaa hadi kiwe kizito vikae pembeni ya mchoro, ndani ya picha, bila kuugusa. Viache hapo kwa hatua zote.

## Hatua ya 3: Picha ya kawaida

Taa mbili, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45. Rangi ya mafuta inang'aa, kwa hiyo utajiona wewe, kamera na dirisha ndani ya mchoro. Tundika kitambaa cheusi nyuma ya kamera, toa tundu la lenzi tu, na usogeze taa pembeni zaidi hadi vimulimuli viondoke.

Piga mbele, nyuma, na kingo nne; za nyuma na za kingo ziache hadi mwisho wa hatua zote za kupiga, ili mchoro usisogee. Nyuma ya hadibodi mara nyingi kuna habari kuliko mbele: alama za maji, matundu ya wadudu, bei iliyoandikwa kwa penseli, karatasi ya duka. Wanaotuma picha ya mbele peke yake huwa nawarudisha.

Umefaulu kama: vivuli vya kijivu kwenye kadi ya rangi vinatofautiana kuanzia cheupe hadi cheusi, na pembe nne zina mwanga sawa.

## Hatua ya 4: Mwanga wa kuparaza

Zima taa zote. Washa tochi ya LED upande mmoja, karibu sambamba na uso wa mchoro, nyuzi 5 hadi 15 tu. Kila kilichoinuka kitatupa kivuli, kila kilichobonyea kitajaa giza.

Piga picha nne: tochi kushoto, juu, kulia, chini. Moja haitoshi. Ufa unaokwenda sambamba na mwanga hauonekani kabisa, hadi tochi ihame upande mwingine.

Tafuta mambo haya:

Vikombe. Rangi iliyopasuka na kukunja kingo zake juu hutupa kivuli chembamba upande mmoja na mstari wa mwanga upande wa pili. Hiyo iko tayari kubanduka. Chora eneo lake kwenye karatasi mara moja.

Kupinda kwa ubao. Hadibodi hunyonya unyevu, hasa kwenye kingo ambazo hazikupakwa kitu. Kwenye nyumba za pwani utaona tumbo katikati au pembe zilizovimba kama mkate uliolowa.

Michirizi isiyohusiana na picha inayoonekana. Rangi ya mafuta ni nzito, na brashi huacha mifereji. Ukiona mifereji ya duara chini ya anga tupu, pana kitu kilichochorwa hapo kabla, au ubao ulitumika mara ya pili. Kwa wachoraji walionunua vibao kwa shida hilo halishangazi, wala halina maana kwamba mchoro ni bandia.

Ukungu. Huonekana kama vumbi lenye mizizi, likiwa limekaa juu ya rangi. Ukiuona, vaa barakoa na utenge mchoro na mingine.

Wenye muda wanaweza kwenda mbali zaidi: weka mpira mweusi unaong'aa kando ya mchoro, piga picha 40 hadi 60, kila moja mwanga ukitoka upande tofauti lakini umbali uleule, kati ya mara mbili na mara nne ya ulalo wa mchoro. Programu ya bure ya Relight itaziunganisha na kukuwezesha kuuzungusha mwanga kwenye skrini. Kwa sarafu, jiwe la kaburi kwenye magofu ya Gedi au nakshi za mlango hakuna njia nzuri kuliko hii. Kwa mchoro wetu, picha nne zinatosha.

Simama hapa kama: umeona vikombe zaidi ya sehemu moja. Endelea kupiga picha, lakini wazo la kusafisha limekufa hadi mhifadhi wa michoro atakapobandika rangi hiyo.

## Hatua ya 5: Ultravaioleti

Tuchukue muda hapa.

Kinachotafutwa si mwanga wa ultravaioleti wenyewe. Baadhi ya vitu, vikipigwa na ultravaioleti, huimeza na kutoa mwanga mwingine unaoonekana: kijani, manjano, bluu ya maziwa, chungwa. Mwanga huo ni dhaifu mno. Ukiacha zambarau ya tochi ipenye, inaufunika wote. Kwa hiyo kuna mageti mawili: kioo cheusi kwenye tochi kinazuia zambarau isitoke, na filta ya manjano kwenye lenzi inazuia ultravaioleti isiingie. Ukiwa na geti moja tu, picha itaharibika.

Kwanza usalama. Vaa miwani kabla ya kuwasha tochi. Usimwelekezee mtu wala usiitazame, hata ikionekana hafifu, kwa sababu jicho haliuoni mwanga unaoliumiza. Funika ngozi. Watoto nje. Na vua shati jeupe: sabuni ya unga ina viangazaji, shati litang'aa bluu na kuumulika mchoro kama taa ya tatu.

Jaribio la giza. Ukiwa na kila kitu tayari lakini tochi imezimwa, piga picha ya sekunde 20 kwa ISO 400. Inapaswa kuwa nyeusi tupu. Ukiona umbo lolote, kuna mwanga unavuja chumbani. Utafute.

Jaribio la tepu. Sasa washa tochi na upige picha nyingine. Angalia ile tepu ya mafundi bomba. Imetengenezwa kwa plastiki inayorudisha ultravaioleti bila kuibadilisha, kwa hiyo filta ikifanya kazi tepu itaonekana karibu nyeusi. Ikionekana zambarau au bluu, mojawapo ya mageti linavuja. Usiendelee. Badilisha filta, au kubali kwamba tochi ni ya nm 395. Ikiwa nyekundu iliyofifia, kioo cha tochi kinapitisha mwanga kidogo wa upande wa infraredi, na kamera yako haiuzuii vya kutosha.

Jaribio hili moja lingeokoa karibu picha zote mnazonitumia.

Kupiga. Weka rangi ya mwanga ya kamera kwenye Kelvini 5500 au 6500 na usiiguse tena. Ukiiacha ijiamulie, itajaribu kusawazisha bluu na kukudanganya kila picha. Fungua shata sekunde 15 hadi 30, f/8, ISO 400. Wakati shata iko wazi, pitisha tochi juu ya mchoro taratibu kutoka kushoto na kisha kutoka kulia, bila kusimama mahali pamoja, ukiwa umbali wa mita moja hivi. Ukisimama, utapata duara angavu ambalo baadaye utalidhania vanishi.

Usimulike zaidi ya dakika chache kwa jumla. Kwa rangi ya mafuta madhara ni madogo, lakini kwa hati, kanga ya zamani au rangi ya maji punguza hata hizo.

Kusoma. Linganisha maeneo, usitafute rangi ya ajabu. Huu ni mwongozo wa macho tu:

Vanishi ya zamani ya utomvu wa miti hutanda kama ukungu wa kijani. Ikiwa na mapengo yenye kingo kali, mtu alisafisha sehemu na kuacha nyingine. Vanishi ya shelaki huelekea chungwa. Vanishi mpya za akriliki hutoa bluu hafifu au hazitoi kitu. Baadhi zina kinga ya ultravaioleti ndani yake, na hapo mchoro mzima utakuwa giza. Si kosa lako, ila ultravaioleti haitaweza kukusaidia tena.

Rangi nyeupe inasema mengi. Nyeupe ya titani hula ultravaioleti na kuonekana nyeusi-zambarau. Nyeupe ya zinki hung'aa manjano yenye ukijani. Kama twiga ana madoa meupe na moja kati yake linajitenga kwenye ultravaioleti wakati kwa taa ya kawaida yote yanafanana, hilo moja lilipakwa kwa kopo jingine. Huenda ni wakati tofauti, huenda ni kopo liliisha siku ileile. Andika unachokiona; maelezo yatafuata.

Viraka vya rangi mpya mara nyingi huonekana vyeusi kuliko rangi ya zamani inayovizunguka. "Mara nyingi", si "daima". Michoro ya Tingatinga ya mwanzo haikuchorwa kwa rangi za dukani za wasanii. Ilitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na rangi za viwandani hutofautiana sana kopo kwa kopo. Kiraka kinaweza kung'aa zaidi. Kinachohesabika ni tofauti yenye mpaka unaokatiza umbo: mwili wa chui nusu yake ni hivi, nusu yake ni vile.

Matone na mifereji yenye bluu kali, hasa karibu na kingo, fikiria sabuni au gundi ya kisasa kabla ya kufikiria kitu kingine.

Umefaulu kama: tepu ni nyeusi, kadi ya rangi ni hafifu, na kwenye mchoro unaona rangi zaidi ya moja. Picha nzuri ya ultravaioleti ni ya giza kiasi na haipendezi sana mtandaoni.

## Hatua ya 6: Infraredi

Infraredi hupita kwenye tabaka nyingi za rangi na kusimama kwenye kaboni. Penseli, makaa na wino wa masizi hubaki vyeusi, huku rangi iliyo juu yake ikififia. Kamera za kawaida zina kioo ndani kinachoizuia, ndiyo maana unahitaji iliyofanyiwa kazi. Baada ya kuondolewa kioo hicho, kihisi cha silikoni huona hadi kama nm 1100.

Kujaribu kamera ni rahisi: elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi ukiwa umevaa filta ya nm 850 na ubonyeze. Ukiona nukta ikiwaka, kamera inaona infraredi.

Usitumie balbu za LED za nyumbani. Karibu hazina infraredi kabisa, na utabaki kulalamika kwamba picha ni nyeusi. Halojeni inayo tele, lakini inachoma: mita 1.5 kutoka kwenye mchoro, washa, piga, zima. Taa za infraredi za kamera za ulinzi hazina joto hilo.

Hamisha kamera hii kwenye stendi ileile na utafute umakini upya kupitia skrini, filta ikiwa imevaliwa, maana infraredi hukusanyika mahali tofauti kidogo. Geuza picha iwe ya kijivu.

Utaona nini? Ikiwa mchoraji alichora kwa penseli kwanza, mistari yake itajitokeza, na pale alipobadili mawazo, sikio likasogezwa au mguu ukafupishwa, utaona yote mawili. Mstari unaosita na kurekebishwa ni wa mtu anayetunga. Uliofuatwa kwa usawa usio na shaka huenda umenakiliwa kutoka kwenye picha nyingine. Nasema huenda.

Mipaka yake lazima ijulikane. Chaki haionekani kwenye infraredi, kwa hiyo kutokuwepo kwa mistari hakuthibitishi kwamba haikuwepo. Nyeusi ya masizi hufunga kila kitu chini yake. Kama mandhari ya mchoro ni nyeusi, hatua hii itakupa kidogo sana.

Infraredi pia hutenganisha rangi zinazofanana kwa jicho. Bluu ya ultramarini hugeuka nyeupe, bluu ya Prasia hubaki nyeusi. Bahari ya bluu moja ikitoka kwa vivuli viwili, una swali jipya la kuuliza.

Kwa wanaotunza hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hatua hii ina utamu wake. Wino wa masizi utabaki mweusi vilevile, wino wa chuma, ule uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma, utafifia au kupotea. Maneno yaliyoongezwa pembeni kwa wino mwingine hujitenga yenyewe. Na pale wino wa chuma ulipokwisha hadi hausomeki, rudi kwenye ultravaioleti: karatasi itang'aa na herufi zitakuwa giza juu yake.

## Hatua ya 7: Mwanga wa nyuma

Kwa hadibodi, ruka. Haipitishi kitu.

Kwa turubai na karatasi, weka taa isiyo na joto nyuma, ziba mwanga unaopita kandokando, na upige. Matundu, mishono, viraka vya nyuma na sehemu zilizokonda vitatoka mara moja.

## Hatua ya 8: Zilaze picha na uisome sahihi

Fungua picha zote kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kila moja tabaka lake. Washa na kuzima tabaka moja baada ya jingine. Jicho hukamata mabadiliko haraka zaidi picha zikipokezana mahali pamoja kuliko zikiwa mbili kando kwa kando.

Sasa nenda kwenye sahihi, ukiwa na lenzi ya mara 10 na tochi ya kuparaza mkononi. Jiulize kwa mpangilio huu:

Rangi ya sahihi imeingia ndani ya nyufa? Nyufa hutokea baada ya rangi kukauka na kuzeeka. Kama ufa unakata herufi, herufi ilikuwepo kwanza. Kama rangi ya herufi imetiririka ndani ya ufa, herufi imekuja baadaye, na hakuna cheti kitakachobadili hilo.

Kuna uchafu kati ya sahihi na mchoro? Kwa lenzi utaona tabaka la kijivu chini ya kingo za herufi.

Kwenye ultravaioleti, rangi ya sahihi inafanana na rangi ileile mahali pengine kwenye mchoro? Mchoraji aliyekuwa na makopo machache kwa kawaida alitia jina lake kwa mojawapo ya hayo.

Je, chini yake kuna jina jingine lililofutwa? Kuparaza na infraredi huweza kulionyesha, hata likiwa limepakwa juu.

Dalili tatu zikielekea upande mmoja, unaweza kusema kwamba sahihi iliongezwa baadaye. Kinyume chake hakipo: hakuna mwanga utakaokuambia kwamba mkono ulioandika ulikuwa wa Tingatinga. Sahihi ya wakati uleule kwenye mchoro wa mtu mwingine itapita majaribio yote manne. Na ukitaka kujua kwa uhakika rangi imetengenezwa na nini, hiyo ni kazi ya maabara yenye kipimo cha eksirei cha kutambua elementi au cha Raman, kinachotambua kemikali kwa mwanga wa leza. Anayekuambia "hii ni titani" kwa kutazama picha ya ultravaioleti anakisia.

## Hatua ya 9: Andika, kisha amua

Chapisha picha ya kawaida kwenye karatasi ya A4 na uchore juu yake: nyufa, vikombe, viraka, vanishi, ukungu. Kila alama iwe na jina la mwanga ulioionyesha. Hifadhi faili za RAW bila kuzigusa, kwa majina yenye tarehe, namba ya mchoro na aina ya mwanga, pamoja na tochi, filta na mpangilio wa kamera. Bila hayo hutaweza kuirudia picha, na picha isiyorudiwa haitumiki kulinganisha.

Uamuzi wa kusafisha sasa ni rahisi. Hakuna vikombe, hakuna ukungu, rangi imekaa: vumbi linaweza kutolewa kwa brashi laini kavu, basi. Maji, mate, sabuni, petroli na tina havihusiki. Tina hasa, maana rangi ya mafuta iliyotengenezwa nayo inaweza kulainika nayo. Kukiwa na vikombe, ukungu au rangi isiyokaa vizuri: peleka karatasi yako na picha zako kwa mhifadhi. Utamrahisishia kazi kubwa, na hatakuwa na sababu ya kuanza kwa kubahatisha.

Kisha angalia mahali mchoro unaporudi. Ukuta unaopigwa na jua la jioni utaharibu zaidi kuliko ukaguzi wote huu. Kwa rangi ya mafuta, majumba ya makumbusho hujaribu kutovuka luksi 200 hivi (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Kwa hati, nguo na rangi ya maji, luksi 50. Programu ya kupima mwanga kwenye simu si sahihi sana lakini itakuonyesha kama uko kwenye 200 au 2000. Usiutundike kwenye ukuta wa nje unaotoa unyevu, wala juu ya jiko, na weka vipande vidogo vya koki, ile ya kuzibia chupa, nyuma ya pembe nne ili hewa ipite.

Masika ikipita, rudisha stendi kwenye alama zako za sakafuni na urudie Hatua ya 3 na ya 4 tu, kwa mpangilio uleule. Zilaze juu ya za mwanzo. Kikombe kilichokua au kipya kilichotokea kitaonekana ndani ya dakika, na hapo ndipo unapompigia mhifadhi simu.